Mkono wa Mwenye Duka

Migori, 9 Februari 2025

Dada Hadiya,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta ukiwa na nguvu kidogo kuliko nilivyokuacha siku ya mazishi. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua lakini ulimi ni mzima. Jana aligombana na muuza maziwa mpaka yule mzee akamwongezea kikombe cha bure ili anyamaze. Wifi yako Asli anakusalimu. Watoto wanauliza mbona shangazi hapokei simu. Nawaambia shangazi amekaa eda, na simu ameifungia kabatini. Sababu siwaambii. Najua sauti za marehemu Mubarak zimo ndani ya ile simu, na sikulaumu. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu, na Makori wa gari la mikate amekubali kutubebea barua kati ya Migori na Homa Bay, mradi usimrudishe mikono mitupu. Anapenda mahamri yako.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ni ile gemu. Usikunje uso. Mimi na marehemu tuliishughulikia miaka mitatu, na chai yote tuliyokunywa uliipika wewe. "Duka la Kona" imekwisha. Mchezaji anaingia dukani kama mteja, na anayempokea ni Mubarak, kwa sauti yake mwenyewe, ile tuliyoirekodi chumbani kwenu tukiwa tumetundika blanketi ukutani. Duka la mtandaoni linalouza gemu lina tamasha la gemu mpya mwezi wa Juni, na wametukubali. Kilichobaki ni kava, ile picha ndogo ambayo mtu anaiona kabla hajabonyeza. Wasipobonyeza, Mubarak ataongea peke yake humo ndani mpaka kiama.

Tony, yule mwenye saiba ya kompyuta, amejaribu kuichora. Ameweka moto nyuma ya duka, mwanamume mwenye misuli, na herufi za njano zinazolipuka. Nikamwambia, Tony, hili ni duka la sukari na unga. Akanijibu, "Bro, kava bila moto haiuzi." Nakuomba wewe, dada. Umewapamba hina maharusi wa Homa Bay nzima. Karatasi na rangi anazo Makori.

Ndugu yako,
Abdirahim


Homa Bay, 2 Machi 2025

Mdogo wangu Abdirahim,

Waalaykum salaam, na Ramadhani njema kwenu nyote. Mwambie Mama apunguze kugombana, yule muuza maziwa ni mzee kuliko yeye. Hapa tuko. Mama mkwe amekuja kutoka Isiolo kukaa nami. Anasali, analala, akiamka ananiuliza kama nimekula, kisha analia kabla sijamjibu. Anayeniendea sokoni ni Bitutu, jirani yetu Msabato, kwa kuwa mimi sivuki mlango. Jumamosi yeye hafanyi shughuli, basi Ijumaa ananijazia nyanya utadhani nina hoteli.

Kuhusu gemu yenu nilikuwa nimekuandikia jibu fupi. Mimi ni mtu wa hina, na sasa hata hina siigusi. Na tangu lini kitu kizuri kikatafutiwa matangazo? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yote. Lakini Makori hakupita wiki ile, na karatasi zako zikabaki mezani zikinitazama, nami sina kazi ya mikono tangu Januari. Nimekuchorea duka la Mubarak. Limo lote. Mizani, redio, thamosi, vikombe viwili, sabuni za mche, kalenda ya mwaka juzi ambayo hakutaka kuitoa, mpaka ule msumari wa kutundikia kofia.

Mtu hayumo. Usiniulize. Na usiniambie niisikilize hiyo gemu, kava nitaichora bila kuisikia.

Dada yako,
Hadiya


Migori, 9 Machi 2025

Dada Hadiya,

Saumu njema. Mama amefunga ingawa daktari alimkataza, na tukimwambia anajifanya kiziwi. Nimechelewa kumpata Makori kwa sababu lori la miwa lilianguka hapo Awendo likafunga barabara nusu siku, na watu walikuwa wanatafuna miwa kando ya barabara kana kwamba ni harusi. Nimekuletea kipande, Makori asipokitafuna njiani.

Picha yako Mama ameitundika chumbani kwake. Kwa ukutani sina neno. Kwa kava, nisamehe. Niliipunguza mpaka ikawa saizi ile inayoonekana kwenye simu, yaani kama ukucha wako wa kidole gumba, ikageuka tope. Mizani haipo, redio haipo, kila kitu ni rangi ya udongo. Kule mtandaoni gemu zimepangwa kwa mamia, na mtu anazipitisha kwa kidole kama anayechambua mchele. Hapo kizuri hakijiuzi, kinapitwa tu.

Kwa hiyo inatakiwa kitu kimoja, kikubwa, na mwanga nyuma yake. Jina lisomeke bila miwani. Na picha isidanganye, maana aliyeona moto ataingia akitafuta moto na atatoka akitutukana. Toa vitu, Hadiya. Ukidhani umetoa vya kutosha, toa tena. Halafu weka mtu. Duka lisilo na mtu, mpita njia anadhani limefungwa.

Asli anauliza kama unalala.

Ndugu yako,
Abdirahim


Homa Bay, 6 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Idi ilipita. Mlipika nini? Sisi Bitutu alituletea kuku mzima na kumweka mezani, kisha akakaa nasi hadi adhuhuri. Mwambie Asli silali sana, lakini nalala.

Shemeji zangu walikuja baada ya Idi kuzichukua nguo za Mubarak zitolewe sadaka. Ndivyo inavyotakiwa, na nilikuwa nimezikunja mwenyewe. Walipofika kwenye kabati la mwisho nikasema basi, hizo nyingine kesho. Kesho yake nikasema tena kesho. Wamerudi Isiolo na mifuko miwili.

Halafu nakaa mezani na barua yako inayosema toa. Unaiandika kama mtu anayeagiza chumvi. Nimetoa kalenda. Nimetoa redio. Thamosi niliitoa nikairudisha nikaitoa. Kikombe kimoja nimekitoa, na nilipoona kimebaki kimoja nikakitoa nacho. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, Abdirahim. Wewe ulimjua kabla yangu, wewe ndiye uliyemleta nyumbani kwetu akala pilau yetu mpaka Baba akamuuliza anaondoka lini. Umeniandikia barua mbili ndefu, na kuhusu wewe mwenyewe umeniambia habari za miwa.

Picha hii ya pili ni duka kwa nje. Mlango, benchi, na mwanga kidogo unaotoka ndani. Vitu vichache kama ulivyotaka. Mtu bado hayumo.

Hadiya


Migori, 20 Aprili 2025

Dada yangu,

Mama anakusalimu, na magoti yametulia tangu mvua zilipoanza, kinyume cha magoti ya watu wengine. Wiki mbili hizi sikujua nikuandikie vipi. Nitaandika ilivyokuwa.

Niliipunguza picha yako, nikaichapisha kwenye karatasi moja na kava za gemu nyingine, nikaipeleka saiba kwa Tony. Nikawaonyesha vijana, wakaitazama kidogo tu, nikaifunika. Nikauliza, mngebonyeza ipi? Hakuna aliyetaja yako. Lakini kila mmoja aliikumbuka, na hilo likanishangaza. Beverly, msichana anayesuka nywele mlango wa pili, akasema, "Yawa, si hapo kuna matanga? Nani amekufa?" Wenzake wakaitikia kwamba ni kweli, pale kuna msiba. Nikabishana nao. Nikasema hili ni duka. Tony akaichukua ile karatasi, akaisogeza karibu na macho, akaniambia polepole, "Bro, cheki viatu."

Dada, umechora viatu mlangoni. Vingi, vimejaa hadi chini ya benchi. Na mlango umefungwa nusu. Nani huvua viatu akienda kununua sukari? Nimeviangalia vizuri. Vya Bitutu vimo. Sandali zangu zenye kamba ya kijani zimo. Hilo si duka. Hiyo ni nyumba yako, siku ile.

Uliniuliza mbona siandiki kuhusu mimi. Nilipoziona sandali zangu nilitoka nje, nikasimama nyuma ya kinu cha unga, nikalia hadi Beverly akaniletea maji kwenye kikombe cha plastiki. Alikuwa rafiki yangu kabla hajawa shemeji. Kila nikimaliza sehemu ya gemu nageuka kumwonyesha. Basi, nimekuandikia.

Kava ukitaka kuiacha, iache. Tony ana moto wa kutosha.

Abdirahim


Homa Bay, 27 Aprili 2025

Abdirahim,

Hatujambo. Mama mkwe ana mafua.

Sikujua kama nimechora viatu. Nilidhani nachora wateja.

Tony asiiguse. Nitaichora mimi, ila uso siuchori, na sababu si dini peke yake. Nikiuchora ukakosea, huo uliokosea ndio nitakaoukumbuka. Nitachora mkono. Mkono mmoja mkubwa unaotoka upande wa kaunta, ukimpa anayetazama kitu. Hata kwenye ukucha utaonekana, na haudanganyi, maana hiyo ndiyo gemu yenu yote kama ninavyoielewa.

Lakini kwanza niambie kitu. Kile kidole cha mwisho cha Mubarak kilichopindika, alichobanwa na mlango wa lori kule Isebania, kilikuwa cha mkono wa kulia au wa kushoto?

Nimesahau. Nimekaa siku nzima nikijaribu. Miaka yote hii nimeshika mikono ya watu, naweza kukuambia bibi harusi gani alikuwa na kovu wapi na nani alikuwa na kiganja cha jasho. Wa mume wangu sijui. Sikuwahi kuutazama, ulikuwa upo tu. Tafadhali nijibu upesi, na usiniambie nifungue simu.

Hadiya


Migori, 4 Mei 2025

Dada,

Mama mkwe anywe tangawizi na asali. Asli ameiweka kwa Makori.

Mimi pia sijui. Nimeona aibu kukuandikia hivyo. Nilikaa naye meza moja miaka mitatu, tukagombania kipanya cha kompyuta, na sijui. Nilimuuliza Mama, akasema wa kushoto, anaapa. Asli anasema wa kulia. Tony anasema wa kulia, halafu akasema labda wa kushoto. Nimepekua picha zangu zote, na kumbe katika kila picha mikono ameitia mfukoni. Alikuwa anakionea haya kile kidole, unakumbuka? Amekificha vizuri kuliko tulivyojua.

Neno moja tu naweza kukusaidia nalo. Mwenye duka hampi mteja kitu kwa mkono wa kushoto. Mubarak angeona afadhali afe njaa kuliko kumpa mtu chenji kwa kushoto. Kwa hiyo utakaouchora ni wa kulia, popote kile kidole kilipokuwa. Kama kilipindika au kilinyooka, amua wewe. Uamuzi wako ndio utakaosimama. Hakuna wa kukubishia, hilo ndilo linaloniuma.

Picha inahitajika kabla ya mwisho wa mwezi.

Abdirahim


Homa Bay, 18 Mei 2025

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Mama mkwe amepona, asante kwa tangawizi. Mvua imebomoa choo cha jirani, na Bitutu ametunga hadithi yake kiasi kwamba nilicheka kwa sauti. Kisha nikajisikia mwizi.

Kava ni hii. Nyuma nimeacha njano ya taa, tupu. Jina la gemu nimeliandika kwa herufi nene juu. Mkono ni wa kulia, na umeshika sukari iliyofungwa kwenye karatasi, ile pembe aliyokuwa anaikunja bila kutazama huku anaongea na watu watatu.

Kidole nilikichora kimepindika, nikaona nasema uongo. Nikakinyoosha, nikaona mkono wa mtu mwingine, mkono wowote wa Homa Bay. Nimeharibu karatasi zako zote isipokuwa hii. Mwishowe nikaichora ile karatasi ya sukari mbele yake, kidole kikaingia nyuma. Mtazamaji hatajua kama kuna kitu kimefichwa. Mimi nitajua kila nikiiona.

Niliijaribu kwa njia yangu. Niliibandika ukutani mwisho wa ukumbi, nikamsimamisha Bitutu mbali, pale getini, ili aione ndogo kama ukucha. Nikamuuliza anaona nini. Akasema, "Kuna mtu ananipatia sukari." Hakusema mkono. Alisema mtu. Nikaingia jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Ipeleke.

Hadiya


Migori, 22 Juni 2025

Dada Hadiya,

Assalaam alaykum. Eda imekwisha na tumesikia umeonekana sokoni, Makori alituambia kabla hajazima injini. Mama amefurahi mno. Anasema uje hata kama ni kwa siku mbili, amekutilia kuku mmoja alama.

Gemu imetoka. Hatutakuwa matajiri, lakini watu wanabonyeza, dada. Wanabonyeza kweli. Katikati ya majoka na bunduki na magari yanayowaka kuna mkono unaotoa sukari, na wanasimama. Wengi wanaandika kwamba ni kava iliyowaita. Mmoja, sijui yuko nchi gani, anasema anaingia kila asubuhi kabla ya kazi na hanunui chochote, anataka tu kukaribishwa. Tony ameiweka kava yako kwenye ukuta wa saiba na kuiondoa ile ya moto, na amewaambia watu kwamba wazo lilikuwa lake.

Nilimpigia Mama ile sauti. Mubarak aliposema karibu, Mama akamjibu, "Ahsante, mwanangu," kisha akavuta mtandio usoni. Lakini kila siku ananiambia nimwashie.

Sasa umebaki wewe. Sikulazimishi.

Ndugu yako,
Abdirahim


Homa Bay, 6 Julai 2025

Mdogo wangu Abdirahim,

Waalaykum salaam. Mwambie Mama nitakuja, kuku asubiri. Mama mkwe amerudi Isiolo na nyumba imekuwa kubwa. Nimepata bibi harusi mmoja, mtoto wa muuza vitambaa, anataka hina mwezi ujao. Nimemkubalia. Nilipomshika mkono niliutazama sana hadi akaniuliza kuna nini.

Jana nilifungua kabati, nikaitoa simu. Zile sauti zake za kwenye simu sikuzigusa, bado siwezi. Nilikwenda moja kwa moja kwenye lile duka lenu la mtandaoni, nikapitisha kidole kama ulivyosema, kama anayechambua mchele, mpaka nikauona mkono. Ulisema kweli, unaonekana. Nikabonyeza kama mtu mwingine yeyote.

Akasema, "Karibu, mteja wangu. Leo nikupe nini?" Na alikohoa kidogo kabla ya kusema leo, mlikiacha kile kikohozi humo ndani. Nikakaa chini, pale pale sakafuni.

Vikaja vitu vya kuchagua. Nikabonyeza sukari. Akanipimia, akanishukuru, akaniuliza habari za nyumbani, na majibu yaliyokuwepo yalikuwa nzuri au si mbaya. Nikabonyeza si mbaya. Akasema, "Tunamshukuru Mungu." Nikatoka, nikaingia tena. Akasema, "Karibu, mteja wangu." Nikanunua unga. Nikanunua chumvi, sabuni, kiberiti, vitu vyote alivyokuwa navyo mpaka rafu zikabaki tupu, na kila mara alinipokea vizuri, kwa ule upole wake, kama anavyompokea yule mtu wako wa kila asubuhi na watu wote wengine wanaoingia.

Kazi yenu ni nzuri, Abdirahim. Nakwambia kutoka moyoni, na yeye angeifurahia. Ila nilikipekua kile kioo chote, juu na chini na pembeni, nikabonyeza mpaka mahali pasipo na kitu. Hakuna pa kubonyeza ili nimwambie kwamba ni mimi.

Dada yako,
Hadiya